Kugawa nyimbo bure si kugawa haki: safari ya Arctic Monkeys

Swali ambalo wanamuziki chipukizi hutuletea ofisini mara kwa mara ni hili: nikiwapa watu wimbo wangu bure, wakarushiana kwenye simu na mitandao, je, nitakuwa nimeupoteza? Jibu la kisheria ni fupi: hapana. Lakini jibu hilo peke yake halimtulizi mtu aliyemalizia akiba yake studio. Kwa hiyo huwa naeleza habari za vijana wanne wa bendi ya Arctic Monkeys kutoka Sheffield, kaskazini mwa Uingereza, waliogawa nyimbo zao kabla hawajauza hata moja, kisha wakaweka rekodi ya mauzo katika nchi yao.

Arctic Monkeys walianzia High Green, kitongoji cha pembezoni mwa Sheffield, jiji lililokuzwa na viwanda vya chuma na visu. Krismasi ya mwaka 2001, Alex Turner na jirani yake Jamie Cook walizawadiwa magitaa, wakaanza kujifunza. Mwaka uliofuata bendi ilikamilika: Andy Nicholson akashika gitaa la besi, na Matt Helders akakaa kwenye dramu kwa sababu, kama alivyosimulia mwenyewe, vyombo vingine vilikuwa vimeshapata wapigaji. Onyesho lao la kwanza lilikuwa tarehe 13 Juni 2003 katika baa ya The Grapes, katikati ya jiji.

Muziki waliouchagua una asili ya Marekani ya miaka ya 1960. Vijana wa huko walifanyia mazoezi kwenye mabanda ya magari nyumbani kwao, wakiwa na amplifaya za bei nafuu zilizoikwaruza sauti ya gitaa, na mkwaruzo ule ukawa ndio utamu wenyewe. Ndiyo maana watu wakauita roki ya gereji. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtindo huo ulifufuka kwa kishindo kupitia The Strokes wa New York, The White Stripes wa Detroit na The Libertines wa London. Turner na wenzake walikuwa na miaka 15 au 16 wakati huo, umri ambao muziki humwingia mtu hadi kwenye mifupa. Walichukua kasi na ukali wa magitaa, wakachanganya na mapenzi yao ya hip hop, ambayo unaisikia hasa katika namna Helders anavyopiga dramu na namna Turner anavyobana maneno mengi ndani ya mstari mmoja.

Maneno hayo yalihusu nini? Foleni ya teksi usiku wa manane, mabaunsa mlangoni mwa klabu, vijana waliopakiwa kwenye gari la polisi, mpenzi aliyenuna. Turner aliyaimba kwa lafudhi ya nyumbani kwao Yorkshire, bila kuiga Kimarekani. Kwa maoni yangu, jambo hili lilikuwa na nguvu kuliko mbinu yoyote ya biashara iliyofuata. Mtu aliyesimama kwenye foleni hiyohiyo Jumamosi iliyopita hahitaji kushawishiwa autunze wimbo unaomtaja.

Demo zao, yaani rekodi za awali za majaribio, walizirekodi katika studio ya 2Fly mjini Sheffield, chini ya prodyuza Alan Smyth. Wakazichoma kwenye CD na kuzigawa bure kwenye maonyesho. CD hazikuwatosha watu wote, kwa hiyo waliozipata walizipakia kwenye kompyuta na kuwatumia wenzao. Mkusanyiko wa demo hizo ukapata jina mitaani, "Beneath the Boardwalk", kutokana na Boardwalk, ukumbi wa Sheffield ambako bendi ilipiga na ambako Turner aliwahi kufanya kazi baa. Mashabiki ndio waliofungua hata ukurasa wa bendi kwenye MySpace, mtandao wa kijamii uliovuma wakati ule. Wanabendi wenyewe walisema hawakujua MySpace ni kitu gani. Magazeti baadaye yaliandika kwamba intaneti ndiyo iliyowatengeneza. Mimi siafiki. Intaneti ilibeba kitu ambacho kilikuwa kimeshakamilika jukwaani. Mwezi Agosti 2005, kwenye tamasha la Reading na Leeds, walipangiwa jukwaa dogo, na umati uliofurika pale uliimba nyimbo zao neno kwa neno wakati albamu yao ya kwanza haijatoka.

Sasa turudi kwenye swali la haki, kwa sababu hapa ndipo wengi huchanganyikiwa.

Wimbo mmoja uliorekodiwa una mali mbili ndani yake. Ya kwanza ni utunzi, yaani maneno na melodi. Ya pili ni rekodi, yaani ile sauti iliyonaswa studio siku fulani. Kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1988, hakimiliki ya utunzi huanza papo hapo kazi inapoandikwa au kurekodiwa, bila kusajiliwa popote, na hudumu hadi miaka 70 baada ya kifo cha mtunzi. Rekodi nayo hulindwa miaka 70 tangu itolewe. Kenya na Tanzania ni wanachama wa Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, ambao unaweka msingi uleule kwa upande wa utunzi: haki haitegemei muhuri wa ofisi yoyote. Kusajili kunasaidia sana ugomvi unapotokea, na tunahimiza msajili, lakini haki yenyewe inazaliwa na kazi.

Kwa hiyo Turner alipomkabidhi mtu CD mlangoni, alimpa nakala ya kusikiliza. Hakumpa utunzi, wala ruhusa ya kuuweka kwenye tangazo la sabuni. Na kwa kuwa hakuwa amesaini karatasi yoyote ya kuhamisha haki, alikwenda kwenye meza ya mazungumzo akiwa na nyimbo zake zote mkononi. Nyimbo nyingi za demo zilirekodiwa upya na kuuzwa kwenye albamu ya kwanza. Walionunua siku ya kwanza walikuwa wengi wao wanazijua tayari.

Kabla ya hapo bendi ilijaribu kutoa kazi yenyewe. Mwezi Mei 2005 walitoa nyimbo mbili chini ya lebo yao waliyoiita Bang Bang, kwa nakala chache: CD 500 na santuri 1,000. Makampuni makubwa yalikuwa yameshawasikia na yalikuwa yanawafuatilia. Wao wakasaini na Domino, lebo huru ya London ambayo Laurence Bell aliianzisha mwaka 1993 na kuiendesha kutoka nyumbani kwake. Bell alikuwa na sifa ya kusaini wanamuziki anaowapenda yeye mwenyewe kama msikilizaji. Albamu zote saba za bendi hadi mwaka 2022 zimetoka Domino. Katika tasnia ambayo mikataba huvunjika kwa kelele, uhusiano wa namna hiyo ni wa kuutazama kwa makini, na nashauri kila msanii anayewekewa mkataba mezani aulize kwanza nani atakayepokea simu yake miaka mitano baadaye.

Mambo yaliyofuata yalikwenda kwa kasi. "I Bet You Look Good on the Dancefloor" ilitoka Oktoba 2005 na kuingia moja kwa moja namba 1. Albamu, "Whatever People Say I Am, That's What I'm Not", ilitoka Januari 2006 na kuuza nakala 363,735 katika wiki ya kwanza. Hakuna bendi ya Uingereza iliyokuwa imewahi kuuza albamu ya kwanza kwa kasi ile. Mwaka huohuo ikatwaa Mercury, tuzo ya albamu bora ya mwaka.

Katikati ya shangwe hizo Andy Nicholson hakusafiri na wenzake kwenye ziara ya Amerika Kaskazini, akieleza kwamba amechoka, na mwezi Juni 2006 ikatangazwa kwamba ameondoka. Nafasi yake ikachukuliwa na Nick O'Malley, ambaye yupo hadi leo. Naligusa tukio hili kwa sababu bendi nyingi huvunjika hapa zikiwa hazijaandika lolote. Nchini Uingereza, mpigaji aliyeshiriki kwenye rekodi huendelea kustahili mgawo wake rekodi hiyo inapochezwa redioni, hata kama ameshaondoka. Shirika la PPL ndilo hukusanya na kugawa fedha hizo. Utunzi una njia yake nyingine: anayelipwa ni aliyetunga, kupitia PRS, shirika lililoanza mwaka 1914. Kuwa mwanabendi hakumfanyi mtu kuwa mtunzi. Wanaotaka kugawana sawa lazima wakubaliane hivyo, na wakubaliane kwa maandishi wangali marafiki.

Albamu ya pili ya mwaka 2007 iliwapeleka kuongoza jukwaa kuu la Glastonbury, tamasha kubwa la muziki la Uingereza, mwaka huohuo. Kisha wakafanya jambo ambalo lingewatisha wahasibu wengi: waliacha kufanana na wenyewe. "Humbug" ya mwaka 2009 ilirekodiwa kwa sehemu katika jangwa la California pamoja na Josh Homme wa Queens of the Stone Age, na ikatoka nzito, ya mwendo wa polepole, yenye giza. Baadhi ya mashabiki wa zamani hawakuifurahia. Mimi naiona kuwa ndiyo albamu iliyowaokoa, maana bila mzigo ule wa besi na mwendo wa kujivuta kusingekuwa na "AM" ya mwaka 2013, ambayo iliwafanya wakubwa Marekani na kwa kizazi ambacho hakikuwahi kuishika CD ya demo.

Ndani ya "AM" kuna somo la hakimiliki ambalo nalipenda kuliko yote. Wimbo wa mwisho, "I Wanna Be Yours", maneno yake mengi ni ya mshairi John Cooper Clarke wa Salford, aliyelitoa shairi hilo kwenye albamu yake mwaka 1982. Turner alilisikia akiwa shuleni, mwalimu alipolisoma darasani. Miaka mingi baadaye aliliwekea muziki, akaongeza mistari yake, na jina la Clarke likaandikwa kama mtunzi. Wimbo huo haukutolewa kama singo, yaani wimbo unaouzwa peke yake. Ulikaa kimya miaka kadhaa, kisha vijana wakauchukua kwenye video zao fupi mtandaoni, na leo umesikilizwa zaidi ya mara bilioni 2 kwenye Spotify. Mshairi aliyezaliwa mwaka 1949 anapata mgawo wake kwa sababu ya jina lililoandikwa vizuri kwenye fomu. Nawaomba wasanii wanaochukua mashairi ya watu, iwe kutoka kitabuni au kutoka kwa bibi anayeghani harusini, wafanye vilevile: waombe, waandike jina, wakubaliane asilimia.

Turner alihamia kwenye piano, na mwaka 2018 ikatoka "Tranquility Base Hotel & Casino", albamu inayosimuliwa kutoka hoteli ya kubuni juu ya mwezi. Roki ya gereji ilikuwa imebaki mbali sana. Bado ilishika namba 1, ikiwa albamu yao ya sita mfululizo kufanya hivyo. Tarehe 7 Juni mwaka huo walipiga Royal Albert Hall na mapato yakaenda kwa War Child, shirika linalohudumia watoto walioathiriwa na vita. Rekodi ya usiku ule ilitolewa kama albamu mwaka 2020, nayo mapato yake yakaenda hukohuko. Mwenye haki ndiye anayeweza kutoa zawadi ya namna hiyo. "The Car" ya mwaka 2022, iliyojaa vinanda vya nyuzi, ilisimama namba 2 kwa kuwa ilitoka siku moja na albamu ya Taylor Swift.

Juni 2023 waliongoza Glastonbury kwa mara ya tatu, siku chache baada ya kufuta onyesho la Dublin kwa sababu koo la Turner lilivimba. Katika nyimbo za usiku ule zilikuwemo "Mardy Bum", iliyokuwa kwenye demo za bure, na "I Wanna Be Yours". Kwenye maonyesho ya aina hiyo Uingereza, orodha ya nyimbo zilizopigwa hupelekwa PRS, na mwandaaji hulipa asilimia ya mapato ya tiketi; kwa onyesho la kawaida la muziki wa kisasa, lisilo tamasha la bendi nyingi, kiwango ni asilimia 4.2. Fedha hizo hugawiwa watunzi wa kila wimbo ulioorodheshwa. Wimbo usioandikwa kwenye orodha haulipwi, kwa hiyo bendi yoyote inayopiga nyimbo zake yenyewe ijaze karatasi hiyo usiku uleule, kabla vyombo havijapakiwa garini.