Mvinyo Mwekundu Kuzeeka Si Lazima Kupanda Thamani

Wengi huamini kwamba mvinyo mwekundu ukiwekwa miaka mingi huzidi ladha na bei. Kuna ukweli ndani yake: mvinyo bora wa Bordeaux, eneo la Ufaransa, huweza kukomaa miaka 20 na zaidi, kwa kuwa una asidi ya kutosha na tanini, yaani viini vya maganda na mbegu za zabibu vinavyokausha ulimi. Lakini mvinyo mwingi hutengenezwa unywewe ndani ya miaka michache. Baadaye hufifia tu.

Kabla ya kununua, inua chupa kwenye mwanga. Mvinyo ukiwa umeshuka kutoka shingoni hadi mabegani, huenda hewa imepenya kizibo. Uliza ilikohifadhiwa: gizani, imelazwa, kwenye nyuzi joto 12 hadi 14 hivi za Selsiasi? Ikiwa ilikaa juu ya kabati la jikoni, hata lebo ya kifahari haiiokoi. Bei itazame kwenye matokeo ya minada, si mdomoni mwa muuzaji.