Blogu yenye anwani yake: dhana potofu kuhusu kujitegemea mtandaoni

Tarehe 12 Januari 2021, siku mbili kabla ya uchaguzi mkuu, serikali ya Uganda iliifunga Facebook, na jioni ya siku iliyofuata intaneti yote ikazimwa. Intaneti ilirudishwa baada ya siku chache. Facebook haikurudishwa, na katika miaka iliyofuata Waganda waliendelea kuingia humo kwa VPN, yaani programu inayopitisha mawasiliano kupitia seva iliyo nchi nyingine. Mwandishi aliyekuwa na blogu katika anwani yake mwenyewe alirudi kazini siku ile ile intaneti iliporudi, ilhali aliyekuwa ameweka maandishi yake yote na wasomaji wake wote katika ukurasa wa Facebook alibaki na ukurasa mzima, wenye picha zake na maoni yake, ambao wasomaji wake wengi hawakuweza tena kuufikia.

Hukitaja kisa hiki kila ninapowashauri waandishi wenzangu wa Kiswahili wawe na blogu zisizotegemea huduma za makampuni makubwa. Wengi hunikubalia, kisha hunieleza kwa nini wao hawawezi, na nikizichunguza sababu zao naona kwamba nyingi zimesimama juu ya mambo ambayo si kweli.

Dhana: Kujitegemea ni kumiliki mitambo yako mwenyewe

Dhana hii huwakatisha tamaa wengi, kwa kuwa mtu huona mbele yake chumba chenye seva, jenereta na fundi wa zamu. Wachache hujaribu njia ya chini zaidi, yaani kompyuta ndogo kama Raspberry Pi iliyowekwa juu ya kabati sebuleni, ambayo hutumia umeme kidogo sana na ina nguvu ya kutosha kuihudumia blogu ya maandishi. Kinachowashinda huwa ni njia ya kuifikia: mitandao mingi ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IP, kwa hiyo kompyuta ya nyumbani inaweza kutoka kwenda nje, lakini mgeni wa nje hana mlango wa kubishia hodi. Ukiongeza umeme unaokatika saa mbili usiku, wakati ambao watu wengi ndio wanasoma, utaelewa kwa nini simshauri mtu aanzie hapo.

Mimi naupima uhuru wa blogu kwa uwezo wake wa kuhama. Mwandishi anayekodi nafasi katika seva ya kampuni ya kawaida, kwa fedha isiyofika dola 10 kwa mwezi, anajitegemea kikamilifu ikiwa anaweza kufungasha leo na kufungua kesho kwa kampuni nyingine bila msomaji wake kuona tofauti. Ili aweze kufanya hivyo, anahitaji kuwa na jina la kikoa, yaani anwani ya blogu yake, lililo lake, nakala kamili ya maandishi na picha zake, na njia ya kuwafikia wasomaji isiyopita mikononi mwa mtu anayeweza kuifunga. Hata blogu iliyo katika huduma ya bure kama Blogger, ambayo Google iliinunua mwaka 2003, hupata sehemu kubwa ya uhuru huo ikiunganishwa na kikoa cha mwandishi mwenyewe, kwa sababu siku ya kuhama viungo vyote vya zamani vinaweza kuelekezwa kwenye makao mapya.

Dhana: Kikoa nimekilipia, kwa hiyo ni changu

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu jambo hili limetuuma. Mimi na wenzangu watatu tulikuwa na blogu ya simulizi za wazee wa Pangani, na fundi aliyetutengenezea ndiye aliyetununulia kikoa. Tukawa tunamtumia fedha kwa simu kila mwaka bila kuuliza zaidi. Mwaka wa nne simu yake haikupatikana. Alikuwa amekisajili kikoa kwa jina lake na kwa barua pepe yake, kwa hiyo vikumbusho vyote vya malipo vilikwenda kwake, na sisi hatukujua lolote hadi muda ulipokwisha na kile kipindi cha nyongeza nacho kikapita. Asubuhi moja binti wa mmoja wa wale wazee alinipigia simu akaniuliza, kwa sauti ya chini, kwa nini simulizi ya marehemu baba yake imegeuka kuwa tangazo la kubeti. Maandishi tulikuwa nayo yote. Anwani, ile iliyokwisha kubandikwa katika maktaba za shule mbili na kuandikwa nyuma ya picha tulizowagawia wazee, hatukuipata tena.

Kikoa husajiliwa kwa kipindi, na anayetambuliwa kuwa mwenye haki nacho ni yule ambaye jina lake limeandikwa katika usajili, hata kama fedha zilitoka mfukoni mwa mwingine. Vikoa vya .tz na vya .ke husajiliwa kupitia wasajili walioidhinishwa, na mwandishi anayo haki ya kumwuliza msajili wake jina na barua pepe zilizoandikwa ni za nani. Fundi apewe kazi ya kutengeneza, lakini akaunti ifunguliwe na mwandishi mwenyewe, kwa barua pepe isiyo ya kikoa kile kile, maana kikoa kikilala barua pepe zake hulala pamoja nacho, na ndizo zingeleta taarifa.

Dhana: Kampuni kubwa haifi, lakini blogu yangu ndogo itakufa

Kampuni kubwa haihitaji kufa ili huduma yake ife. GeoCities, iliyoanza mwaka 1994 na baadaye ikawa mali ya Yahoo, ilifungwa Marekani mwezi Oktoba 2009 ikiwa na mamilioni ya kurasa zilizotengenezwa na watu wa kawaida. Google Reader, ambayo wasomaji wengi wa blogu waliitumia kufuatilia maandishi mapya, ilifungwa tarehe 1 Julai 2013, na Google+ ikafuata mwezi Aprili 2019. Mara zote hizo kampuni ilibaki hai na tajiri. Ilikuwa imeamua tu kwamba jambo lile halina faida kwake. Wahenga walitukataza kuacha mbachao kwa msala upitao, na sijui mahali ambapo onyo hilo linafaa zaidi ya hapa.

Hata hivyo, anayejitegemea asijione amepona. Usiku wa tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la seva la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, na miongoni mwa wateja walioumia zaidi ni wale ambao nakala zao rudufu zilikuwa katika eneo lile lile zilipokuwa tovuti zao. Nakala inayokaa jirani na asili yake itaungua pamoja nayo. Iwekwe kwingine, hata kama ni katika diski ya nje iliyofungiwa kabatini au katika kompyuta ya ndugu anayeishi mji mwingine.

Dhana: Ni kazi ya wahandisi na ni ghali

WordPress imekuwapo tangu mwaka 2003 kama programu huria, na mtu yeyote anaweza kuichukua na kuiweka katika seva anayoikodi. Wengi huichanganya na WordPress.com, ambayo ni huduma ya kampuni inayotumia programu hiyo, kisha huikataa au huikubali ile isiyo yenyewe. Kampuni nyingi za kukodisha seva, zikiwamo za Dar es Salaam na Nairobi, huiweka kwa kubofya mara chache. Cheti cha usalama, ambacho zamani kililipiwa kila mwaka, kimekuwa bure tangu shirika lisilo la kibiashara linaloendesha Let's Encrypt lilipofungua huduma yake kwa umma mwezi Desemba 2015.

Kazi iliyopo ni ya matunzo. WordPress na programu-jalizi zake, yaani vile vipande vya kuiongezea uwezo, zisiposasishwa huingiliwa, na blogu nyingi nilizoziona zikiharibiwa ziliingiliwa kupitia programu-jalizi ambayo mwenyewe alikwisha kusahau kwamba aliiweka. Asiyetaka matunzo hayo anaweza kutumia programu kama Hugo, ambayo hugeuza mafaili ya maandishi kuwa kurasa zilizokwisha tengenezwa, ili seva iwe na kazi ya kuzitoa tu kama zilivyo. Nikiwafundisha vijana hupenda kuwaonyesha hesabu hii: makala ya maneno 1,400 ya Kiswahili ina herufi kama elfu kumi, yaani kilobaiti 10 hivi, wakati picha moja iliyopakiwa moja kwa moja kutoka kwenye simu inaweza kufika megabaiti 3, ambazo ni sawa na makala 300. Msomaji anayenunua bando la siku analilipia deni hilo la mwandishi asiyepunguza picha zake.

Dhana: Usipokuwa kwa makampuni makubwa, Google haitakuonyesha

Roboti za utafutaji hupita katika tovuti yoyote iliyo wazi kwa umma, popote ilipohifadhiwa. Kinachosaidia ni vichwa vya habari vinavyosema jambo lenyewe, kurasa zinazofunguka haraka, na viungo kutoka kwa waandishi wengine. Kadhalika blogu nyingi hutoa mlisho wa RSS bila mwandishi kufanya lolote, na msomaji anayeufuata hupata kila makala mpya bila kampuni yoyote kumchagulia aione ipi na asione ipi.

Dhana: Seva iwe ng'ambo, huko ndiko kwenye ubora na usalama

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ya Tanzania, Kenya, Uganda na majirani ikazorota. Kurasa zilizohifadhiwa Ulaya zilifunguka kwa shida, lakini zilizohifadhiwa ndani ya nchi hazikulazimika kuvuka bahari, kwa sababu watoa huduma wa ndani hubadilishana mawasiliano yao katika vituo kama TIX wa Dar es Salaam na KIXP wa Nairobi. Kama wasomaji wako wengi wako Temeke, hakuna sababu ya maneno yako kwenda Ulaya na kurudi kila wanapoyafungua.

Upande wa usalama, wapo wanaoamini kwamba seva ya nje humtoa mwandishi katika sheria za nchi yake. Sheria humfuata mtu alipo. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za Tanzania za mwaka 2018 ziliwataka wanablogu walipe shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni na 1,000,000 nyingine za mwaka, bila kujali blogu zimehifadhiwa wapi. Kanuni hizo zimebadilishwa zaidi ya mara moja tangu hapo, kwa hiyo mwandishi asome zilizopo sasa kabla ya kuanza. Maxence Melo wa JamiiForums, jukwaa la mijadala la mtandaoni, aliposhtakiwa mwezi Desemba 2016, moja ya mashtaka lilikuwa kuendesha tovuti kwa kikoa kisichosajiliwa Tanzania.

Dhana: Nimehama, kwa hiyo nimeachana na makampuni makubwa

Fungua ukurasa wako mpya na uangalie unavuta nini kutoka nje. Mara nyingi utakuta mwandiko (fonti) kutoka Google Fonts, takwimu za wasomaji kutoka Google Analytics na video za YouTube, na kila kimoja humpelekea mwenye huduma hiyo anwani ya IP ya msomaji wako. Mwezi Januari 2022 mahakama moja ya Munich, Ujerumani, iliamuru mwenye tovuti amlipe msomaji euro 100 kwa sababu ya mwandiko huo tu. Mafaili ya mwandiko yanaweza kuwekwa katika seva yako, na takwimu zinaweza kuhesabiwa na programu huria ya Matomo bila kumfuata mtu.

Barua pepe ndipo mahali ambapo siwezi kumwahidi mtu uhuru kamili. Wasomaji wengi wana Gmail, na seva mpya inayotuma jarida kwa wasomaji mia tano ina hatari kubwa ya kuishia katika kisanduku cha taka, hata ikiwa na kumbukumbu za SPF, DKIM na DMARC, zinazothibitisha kwamba barua imetoka kweli kwa mwenye kikoa. Mimi hutuma kupitia kampuni ndogo inayolipwa, lakini orodha ya wasomaji naitunza mwenyewe, katika faili ninaloweza kulifungua bila wao.

Kila baada ya miezi mitatu huwa natoa nakala ya Jumapili kutoka katika diski, nakodi seva ngeni kwa siku moja, na kuisimamisha blogu yote humo kana kwamba ile ya kwanza imeungua. Mara ya kwanza ilinichukua siku nzima, na nikagundua kwamba picha za mwaka mmoja hazikuwamo katika nakala. Safari hii nilianza baada ya sala ya alasiri, na kabla ya magharibi simulizi za Pangani zilikuwa zinafunguka, na picha zao zote.