Chanjo haifungi kizazi: maswali ya akina mama wa Goma

Ninafanya kazi katika kituo cha afya hapa Goma. Asubuhi ni zamu ya chanjo, mchana napima wanawake mlango wa kizazi. Kwa hiyo naona ncha zote mbili. Asubuhi mama anakataa hata kusikia habari ya chanjo ya HPV, ile ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, kwa binti yake wa miaka 12, kwa kuwa amesikia inafunga kizazi. Mchana mama mwingine wa rika lake analala kwenye kitanda changu cha kupimia, naye amechelewa, ugonjwa umekwisha kukomaa. Maswali haya ni yao. Mengine nimeyajibu hadi sauti imekauka, mtanisamehe nikirudia.

Saratani ya mlango wa kizazi ni nini?

Mfuko wa uzazi una shingo inayotokea ukeni. Huo ndio mlango. Saratani, ile tunayoita kansere, ni chembe za hapo kuanza kuzaana ovyo na kula nyama iliyo karibu. Karibu kila mara chanzo ni kirusi cha papiloma, kwa kifupi HPV. Aina zake ni nyingi, lakini mbili tu, ya 16 na ya 18, ndizo zinazoleta kama 70 kati ya kila kansere 100 za mahali hapo.

Kirusi hicho kinapatikana wapi?

Katika kujamiiana, ngozi kwa ngozi. Wengi wetu tunakipata wakati fulani, na mara nyingi mwili hukifukuza wenyewe ndani ya miaka 2. Kisipofukuzwa hukaa kimya. Kutoka kuingia hadi kansere huchukua miaka 15 hadi 20, au miaka 5 hadi 10 kwa mwanamke mwenye virusi vya UKIMWI asiyetumia dawa. Basi wewe papa unayetaka kujua mkeo alitembea na nani mwaka jana, acha. Huenda kirusi hicho ulikileta wewe kabla hamjaoana.

Chanjo inafunga kizazi cha msichana?

Hapana.

Jirani anasema ndivyo ilivyo. Kanisani pia wamesema.

Hapana, mama. Hapana kwa jirani, hapana kwa kanisani, hapana kwa ile sauti iliyorekodiwa inayotembea kwenye WhatsApp bila mwenyewe.

Sindano inachomwa begani, kwenye msuli. Ndani yake kuna maganda matupu yanayofanana na kirusi, bila ile mbegu inayokifanya kizaane. Mwili unayaona, unajifunza sura ya adui, unatengeneza askari wake. Basi. Hakuna kinachoshuka kwenda kwenye mayai wala kwenye mirija.

Kama maelezo hayakutoshi, tumia macho. Rwanda walianza kuwachanja wasichana wa darasa la sita mwaka 2011, nchi nzima, na zaidi ya 9 kati ya 10 walichanjwa. Siongelei siasa hapa, naongelea matumbo. Mtoto aliyekuwa na miaka 12 wakati ule alizaliwa 1999. Leo ni mwanamke mzima. Unapishana naye mpakani, pale Petite Barrière, yeye na beseni la nyanya kichwani, wewe na maharage yako. Mtazame mgongoni: amebeba nini? Kama chanjo ingefunga kizazi, Gisenyi ng'ambo ya mpaka leo ingekuwa kimya, wakunga wake wangekuwa wanauza mkaa.

Ebola ilipofika Goma Julai 2019 tulisikia maneno haya haya. Chanjo ya Ebola itaua, itamaliza uzao wetu. Wanawake waliochanjwa wakati ule wanaleta watoto wao kwangu kupimwa uzito. Wengine ndio walewale wanaoniambia safari hii ni tofauti!

Nitawaambia kinachofunga kizazi. Ni kansere yenyewe. Ikishakomaa, daktari mara nyingi huondoa mfuko wote wa uzazi, au mionzi inaumaliza. Huyo ndiye asiyezaa tena. Mama anakataa sindano ili binti aje kuzaa, na anamwachia njia wazi ugonjwa utakaomng'oa kizazi.

Mbona mnawataka wasichana, tena wadogo? Hapo hamfichi kitu?

Tunawataka wadogo kwa sababu nyumba inafungwa kabla mwizi hajaingia. Chanjo haifukuzi kirusi kilichokwisha kuingia. Umri unaofaa zaidi ni miaka 9 hadi 14, kabla hajaanza kujuana na wanaume. Ziko nchi zinazochanja wavulana pia, ila msichana ndiye mwenye mlango wa kizazi, ndiyo maana anatangulizwa. Uskoti walichunguza wanawake waliochanjwa wakiwa na miaka 12 au 13, na hawakupata hata mmoja mwenye kansere hii. Tangu mwishoni mwa 2022, Shirika la Afya Duniani linasema dozi moja inaweza kutosha kwa umri huo. Mwenye virusi vya UKIMWI anahitaji mbili au tatu.

Wengine wananiambia, “Nitamchanja akikaribia kuolewa.” Hiyo ni kupeleka kufuli wakati mwizi ameshakula na kulala.

Haitamfundisha uasherati?

Chanjo ya pepopunda ilikufundisha kukanyaga misumari?

Msichana wa shule fulani alianguka baada ya sindano.

Hiyo ni kweli, inatokea. Wasichana wa umri huu huzimia kwa woga wa sindano yoyote, na mmoja akianguka mbele ya wenzake, wengine hufuata. Ndiyo maana tunawaketisha dakika 15, na ndiyo maana nawaomba mama zao wasiwalete na njaa. Bega litauma siku moja au mbili, pengine homa kidogo. Mzio mkali upo lakini ni nadra sana, na unajitokeza mapema, muuguzi akiwa bado yupo na dawa yake mkononi.

Wenzetu wa Japani waliogopa hivyohivyo. Mwaka 2013 baadhi ya wasichana walilalamika maumivu na kutetemeka, serikali ikaacha kuhimiza chanjo. Kutoka wasichana kama 7 kati ya 10 waliokuwa wakichanjwa, wakabaki chini ya 1 kati ya 100. Uchunguzi haukuonyesha kwamba chanjo ndiyo iliyowaumiza, wakaanza kuhimiza tena mwaka 2022. Miaka 9 ilikuwa imekwisha kupotea, na wasichana wa miaka ile walikuwa wamekuwa wanawake.

Lakini tuseme ukweli, mama muuguzi, sisi wawili tu. Chanjo haifungi kizazi?

Haifungi. Mlango wa chumba hiki ukiwa wazi haifungi, na ukiufunga pia haifungi.

Mimi nimeshazaa watoto 6. Natoka damu nikikutana na mume wangu. Chanjo itanisaidia?

Wewe chanjo imekupita, unahitaji kupimwa, tena wiki hii. Damu baada ya tendo, damu katikati ya mwezi, damu ya mama aliyekwisha kukoma hedhi, uchafu wenye harufu usioisha: yote hayo ni sababu ya kuja. Damu iliyorudi baada ya miaka miwili si ujana umerudi, wala si jini la ziwani. Nimepokea mama aliyemaliza miezi 8 kwenye chumba cha maombi. Omba, mama, sikukatazi, lakini omba ukiwa njiani kuja. Na zile tumbako, majani na sabuni mnazoweka ndani ili kukaza na kusafisha, hazitibu kitu. Zinaficha harufu tu, na harufu ndiyo ingekuleta mapema.

Hata asiye na dalili, akifika miaka 30 apimwe, na mwenye virusi vya UKIMWI aanze na 25. Tunapaka siki kwenye mlango wa kizazi na kusubiri dakika moja hivi. Chembe zilizoharibika hugeuka nyeupe. Zikiwa bado hazijawa kansere, mara nyingi zinaunguzwa au kugandishwa hapo hapo, na unarudi nyumbani kwa miguu yako. Njoo siku ambayo huna hedhi, usijioshe ndani, na siku mbili kabla usikutane na mume. Kitenge cha kujifunika lete chako, vya kituo havitoshi.