María Wonenburger: yanayosemwa juu yake, na yaliyo kweli

Mwanahisabati María Josefa Wonenburger Planells alizaliwa tarehe 17 Julai 1927 huko Montrove, katika manispaa ya Oleiros, jirani na mji wa A Coruña kaskazini-magharibi mwa Hispania. Alifariki tarehe 14 Juni 2014. Kwa miongo mingi jina lake lilijulikana kwa wataalamu wa aljebra peke yao. Siku hizi linatajwa sana, hasa kila ifikapo Februari 11, siku ya wanawake na wasichana katika sayansi, na kadiri linavyotajwa ndivyo makosa yanavyoongezeka. Ya wasifu ni mepesi kusahihisha. Ya hisabati yanahitaji kalamu na karatasi ya grafu.

"Kwa jina hilo, lazima alikuwa Mjerumani au Mmarekani"

Alikuwa Mgalicia. Ukoo wa baba yake ulitokea Alsace, na jina likabaki. Familia ilikuwa na kiwanda cha kusubu chuma, na baba alitamani binti asomee uhandisi ili aje kukiendesha. Binti akaenda Madrid kusoma hisabati.

"Alisoma Marekani, akarudi kwao na udaktari wake, akapokewa"

Nusu ya kwanza ni kweli. Mwaka 1953 alikwenda Chuo Kikuu cha Yale kwa ufadhili wa Fulbright, na mwaka 1957 akamaliza shahada ya uzamivu chini ya Nathan Jacobson, mmoja wa mabingwa wakubwa wa aljebra wa karne ile. Aliporudi Madrid kufanya utafiti, shahada ya Yale haikutambuliwa rasmi nchini mwake. Ikabidi aandike tasnifu ya pili, safari hii chini ya mwanahisabati Germán Ancochea. Nayo haikumpatia cheti: taratibu za ofisini hazikukamilika. Kwa hiyo ukisoma mahali kwamba "alikuwa na udaktari mbili", elewa kwamba alikuwa na tasnifu mbili na shahada moja iliyotambulika, tena nje ya kwao. Mwaka 1960 akaondoka tena, Kanada: kwanza Kingston, kisha Toronto.

"Alithibitisha kwamba kila matriksi ni zao la involushoni mbili"

Hapa ndipo makosa yanapojaa, kwa hiyo twende polepole. Matriksi ni jedwali la namba linaloeleza jinsi ya kuhamisha nukta; zao la matriksi mbili ni matendo yake mawili yakifanywa kwa kufuatana.

Involushoni ni tendo ambalo ukilifanya mara mbili unajikuta pale ulipoanzia. Swichi ya taa ni mfano: bonyeza, bonyeza tena, hali imerudi. Kwenye jiometri mfano wake rahisi ni kioo. Sasa chora mhimili wa x na mstari y = x. Pembe kati yake ni nyuzi 45. Chukua nukta (3, 1) uiakisi kwenye mhimili wa x. Unapata (3, −1). Iakisi hiyo kwenye mstari y = x, ambako namba mbili hubadilishana nafasi; unapata (−1, 3). Linganisha na mwanzo: nukta imezunguka nyuzi 90 kinyume cha saa. Vioo viwili vimezaa mzunguko mmoja.

Wanaojaribu hili mara ya kwanza hukosea mahali pawili. Wanataka mzunguko wa nyuzi 90, basi wanaweka vioo kwa pembe ya nyuzi 90, wanapata 180. Mzunguko siku zote ni mara mbili ya pembe ya vioo. Kosa la pili ni mpangilio: ukianza na y = x kisha mhimili wa x, (3, 1) inaishia (1, −3), yaani umezunguka nyuzi 90 kufuata saa.

Hayo yalijulikana zamani. Ilijulikana pia kwamba katika anga la vipimo n, tendo lolote lisilobadilisha umbali na lisilohamisha kitovu linaweza kujengwa kwa vioo visivyozidi n. Vipimo vinne, vioo hadi vinne. Wonenburger, katika makala yake ya 1966, alionyesha kwamba involushoni mbili zinatosha, hata vipimo viwe vingapi. Wengi husoma hapo na kudhani amepunguza vioo kutoka n hadi viwili. Sivyo. Involushoni si lazima iwe kioo kimoja. Inaweza kugeuza pande kadhaa kwa mpigo. Fikiria anga la vipimo vinne ambako bapa (uso tambarare) la kwanza linazunguka nyuzi 90 na bapa la pili, lililo wima kwa la kwanza, linazunguka nyuzi 60. Kwa vioo vya kawaida unahitaji vinne. Kwa njia yake, involushoni ya kwanza inageuza upande mmoja katika kila bapa kwa wakati uleule, na ya pili inafanya hivyo kwa pembe ya nyuzi 45 katika bapa la kwanza na 30 katika la pili. Vioo ni vinne bado, ila vimefungwa viwili viwili.

Na je, matriksi ya kawaida isiyotunza umbali? Makala hiyohiyo inatoa sharti: tendo T ni zao la involushoni mbili ikiwa, na ikiwa tu, T inafanana na kinyume chake, yaani tendo linaloirudisha T mwanzo. "Inafanana" hapa maana yake ni tendo lilelile lililoandikwa kwa mihimili mingine. Kupima si kazi ngumu ukianza na matriksi za ulalo, zenye namba kwenye mstari wa kona hadi kona na sifuri kwingineko.

Matriksi ya ulalo yenye 2 na 1/2: kinyume chake kina 1/2 na 2. Namba ni zilezile, zimebadilishana viti tu. Inakubali. Ithibitishe kwa mkono: zidisha matriksi yenye safu (0, 2) na (1/2, 0) kwa matriksi yenye safu (0, 1) na (1, 0), utaipata. Kila moja ya hizo mbili ukiizidisha kwa yenyewe inatoa matriksi ya utambulisho, ile isiyohamisha kitu.

Matriksi ya ulalo yenye 2 na 3: inakataa, na huhitaji hata kutafuta kinyume. Kila matriksi ina namba yake iitwayo determinanti; kwa matriksi ya ulalo ni zao la namba za ulalo, na ya zao la matriksi mbili ni zao la determinanti zao. Determinanti ya involushoni ni 1 au −1, hivyo zao la mbili haliwezi kutoa 6. Lakini usigeuze kipimo hicho kuwa kibali. Matriksi yenye 2, 3 na 1/6 ina determinanti 1 kamili, ila kinyume chake kina 1/2, 1/3 na 6, namba nyingine kabisa. Inakataa nayo. Wanafunzi wengi huteleza hapa kwa sababu katika matriksi za 2 kwa 2 determinanti 1 huwa inatosha. Ikifika 3 kwa 3 mambo yanabadilika.

Sharti lake la 1966 liliacha nje mifumo ya namba ambamo 1 + 1 = 0, kwa kuwa humo 1 na −1 ni kitu kimoja na kioo cha kawaida hakigeuzi kitu. Mwanahisabati Dragomir Djoković aliziba pengo hilo mwaka 1967.

"Yeye ndiye mgunduzi wa aljebra za Kac–Moody"

Hapana, na kumpa sifa isiyo yake ni kumfichia iliyo yake. Aljebra hizo ni familia pana ya aljebra za Lie, mifumo ya kialjebra inayoeleza ulinganifu, na ziligunduliwa na watu wawili waliofanya kazi bila kujuana, Victor Kac wa Moscow na Robert Moody wa Kanada, wakachapisha mwaka 1967 na 1968. Baadaye walitunukiwa pamoja Medali ya Wigner. Moody alikuwa mwanafunzi wa kwanza wa uzamivu wa Wonenburger. Alimaliza Toronto mwaka 1966. Mwalimu alileta aljebra za Lie alizozipata kwa Jacobson, na chuo hichohicho alikuwapo H. S. M. Coxeter, bingwa wa makundi ya matendo yanayozaliwa na vioo. Mwanafunzi aliyekaa katikati ya hao wawili alikuwa mahali pazuri pa kuuliza swali lake.

Aljebra za Lie za aina hii hujengwa kutoka jedwali la namba, na swali lenyewe, yaani jedwali gani linaruhusiwa, linaonekana hata kwa jedwali la 2 kwa 2. Kanuni ni tatu: kwenye ulalo weka 2, nje ya ulalo weka namba kamili zisizozidi sifuri, na kama upande mmoja ni 0, mwenzake awe 0 pia. Kosa la kawaida ni kusahau alama ya kutoa, au kuweka 0 juu na −1 chini.

Weka −1 na −1: determinanti (zao la ulalo kutoa zao la namba mbili za nje) ni 4 − 1 = 3, chanya, na unapata aljebra yenye vipimo 8. Weka −1 na −2: determinanti 2, vipimo 10. Weka −1 na −3: determinanti 1, vipimo 14. Hapo nadharia ya zamani ilikuwa inasimama, kwa sababu ilidai determinanti iwe chanya. Kac na Moody waliondoa dai hilo. Weka −2 na −2: determinanti 4 − 4 = 0, na aljebra inakuwa na vipimo visivyo na mwisho.

Kwa lugha ya vioo: jedwali la −1 na −1 ni vioo viwili kwa pembe ya nyuzi 60; tumia kimoja kisha kingine, rudia mara tatu, umerudi nyumbani. Jedwali la −2 na −2 ni vioo sambamba. Aliyewahi kukaa kwenye kiti cha kinyozi chenye kioo mbele na kioo nyuma ameshaona kinachotokea: vichwa vinaendelea mpaka macho yachoke. Aina hii ya pili ndiyo iliyokuja kupendwa sana na wanafizikia wa nadharia ya nyuzi (string theory), inayodhani chembe ndogo kabisa ni kama nyuzi zinazotikisika.

Mwanafunzi wake mwingine, Stephen Berman, alimaliza Indiana mwaka 1971 na akaja kushirikiana na Moody katika eneo hilohilo. Kwa jumla Wonenburger alisimamia wanafunzi wanane wa uzamivu.

"Aliacha kazi kwa sababu hisabati ilimshinda"

Mwaka 1966 alihamia Buffalo, Marekani, mwaka 1967 Chuo Kikuu cha Indiana, na huko akafundisha hadi 1983. Mwaka huo mama yake aliugua, naye akarudi A Coruña kumuuguza. Hakushika tena kazi ya chuo kikuu. Hispania ilikuja kumfahamu vizuri baada ya María José Souto Salorio na Ana Dorotea Tarrío Tobar kuandika juu yake mwaka 2006 katika jarida la Chama cha Kifalme cha Hisabati cha Hispania. Kuna pia tuzo ya Galicia yenye jina lake, kwa wanawake wa sayansi na teknolojia. Haitolewi kwa hisabati peke yake, kwa hiyo usishangae kukuta mshindi ni mwanabiolojia.