Je, wajua kwa nini jino lililoondolewa kiini bado huhisi mchanga wa dagaa?

Mtu yeyote aliyekula dagaa walioanikwa mchangani katika mialo ya Ziwa Victoria anaifahamu ile punje moja iliyoponyoka maji matatu ya kuoshea, ambayo humfanya mlaji asimamishe taya ghafla tonge likiwa bado mdomoni. Aliyetibiwa mzizi wa gego, yaani aliyeondolewa kiini chote cha jino pamoja na neva na mishipa yake ya damu, huihisi punje hiyo vilevile, jambo linalowashangaza wengi kwa sababu wameambiwa kwamba jino hilo limeshauawa.

Ukweli ni kwamba hisia ya kuuma kitu haitoki ndani ya jino. Neva za kiini hupeleka habari za baridi, za moto na hasa za maumivu, lakini uzito wa kitu kinachotafunwa hupimwa na utando wa nyuzinyuzi, wenye unene wa takribani robo ya milimita, unaoufunga mzizi kwenye mfupa wa taya. Kwa utando huo mtu hutambua kitu chembamba kuliko unywele kati ya meno yake. Jino likitolewa kiini utando hubaki. Liking'olewa utando hupotea nalo, na hata jino la kupandikiza la titani haliurudishi, kwa kuwa titani hushikamana na mfupa moja kwa moja. Hapo ndipo ilipo sababu kubwa ya kulipigania jino la asili, mbali na kwamba pengo huyafanya meno ya jirani yalalie upande na mfupa wa taya unywee.

Kinachoua kiini ni bakteria. Mwaka 1965 watafiti wa Marekani walitoboa meno ya panya hadi kwenye kiini: kwa panya waliokuzwa bila vijidudu vyovyote kiini kilipona, lakini kwa panya wa kawaida kilioza. Kwa hiyo kazi ya daktari si kuondoa neva tu, bali kusafisha kila mfereji, yaani kila njia nyembamba ya kiini ndani ya mzizi, ambamo vijidudu vinaweza kujificha. (Na jino lililouma wiki nzima likinyamaza lenyewe lisimdanganye mtu kwamba karafuu imeponya, mara nyingi kiini kimekufa, na usaha unajikusanya chini ya mzizi.)

Ugumu huanzia kwenye kuhesabu mifereji. Gego la kwanza la juu kwa kawaida lina mizizi mitatu, lakini mara nyingi huwa na mifereji minne, na huo wa nne hukaa ndani ya mzizi mmoja na mwenzake, mdomo wake ukiwa mdogo kama tundu la sindano na umefunikwa na kingo ya jino lenyewe. Picha ya eksirei haisaidii sana, kwa kuwa ni bapa: mifereji miwili iliyofuatana huonekana mmoja, kama mitumbwi miwili iliyotia nanga mmoja nyuma ya mwingine inavyoonekana na mtu aliyesimama ufukweni. Mfereji ukiachwa, jino lililozibwa vizuri kwa nje huendelea kuoza kwa ndani.

Ndiyo maana mfereji huo hutafutwa kwa hadubini, ingawa hadubini ya daktari wa meno si ile ya maabara inayotafutia vimelea vya malaria. Huning'inia kwenye mkono wa chuma juu ya kiti cha mgonjwa na hukuza kuanzia mara 3 hivi hadi mara 20 au zaidi. Madaktari wa masikio ndio waliotangulia kutumia hadubini katika upasuaji, huko Sweden mwaka 1921, ilhali kwa meno ilianza kuenea katika miaka ya 1990. Kwa maoni yangu mwanga wake una thamani kuliko ukuzaji, kwa sababu hupita katika njia ileile ya macho ya daktari na kufika chini ya shimo bila kivuli, tofauti na taa inayomulika kutoka pembeni.

Ganzi ikishakolea na jino likishatengwa na mate kwa kipande cha mpira, daktari huiona sakafu ya jino ikiwa na rangi nzito kuliko kuta, na juu yake mistari hafifu inayounganisha midomo ya mifereji. Humwagia dawa ya klorini, ya jamii moja na ile ya kung'arishia nguo nyeupe, kisha hutulia na kutazama. Dawa ikikutana na mabaki ya kiini hutoa mapovu, na uzi wa mapovu madogo ukipanda kutoka mahali palipodhaniwa kuwa pagumu, mfereji wa nne umejitangaza. Hapo huingizwa sindano laini ya kusafishia, ambayo ncha ya iliyo nyembamba kabisa ina upana wa milimita 0.06.

Mifereji hukaushwa, hujazwa gutapecha, ambayo asili yake ni utomvu wa miti ya Kusini-Mashariki mwa Asia, na gego aghalabu huvikwa kofia ili lisipasuke kwa kutafuna.

Si kila jino huokolewa. Daktari anaweza kupaka rangi ya buluu ndani ya jino na kuifuta, na palipo na ufa rangi hubaki ikichora mstari. Mstari huo ukionekana chini ya hadubini kuwa umeupasua mzizi kwa urefu, daktari huisogeza hadubini kando na kuchukua koleo.