Alexander Twilight: yasemwayo na yaliyokuwa

Ukiuliza ni nani Mmarekani Mweusi wa kwanza kuwa mbunge, wengi watakutajia Hiram Revels, seneta wa Mississippi mwaka 1870. Kwa Bunge la taifa, ni kweli. Lakini kwenye mabunge ya majimbo Revels alitanguliwa mbali: Mchungaji Alexander Twilight, chotara mwenye asili ya Kiafrika, alichaguliwa huko Vermont mwaka 1836.

Suala la shahada limekosewa vivyo hivyo. Kwa muda mrefu sifa ya kuwa Wamarekani Weusi wa kwanza kupata shahada ya chuo walipewa Edward Jones na John Russwurm, wahitimu wa 1826 ambao baadaye walihamia Afrika, mmoja Sierra Leone, mwingine Liberia. Twilight alikuwa amehitimu Chuo cha Middlebury mwaka 1823.

Wapo pia wanaodhani alizaliwa utumwani. La, alizaliwa huru Vermont mwaka 1795. Hata hivyo, umaskini ulimfanya atumike utotoni katika shamba la jirani, na alipoingia shule ya sekondari alikuwa na miaka 20.

Dhana inayoniuma zaidi ni ile ya kumtaja kama "wa kwanza" tu, halafu basi. Huyu alikuwa mwalimu kwanza! Mwaka 1829 alikabidhiwa shule ya wilaya ya Orleans, kijijini Brownington, na palepale akawa mchungaji wa kanisa. Wanafunzi walitoka mbali, wakahitaji bweni. Wadhamini wa shule walipokataa kutoa fedha, alijenga mwenyewe jumba la mawe ya granaiti lenye ghorofa nne. Hadithi ya kijijini husema mawe yote yaliinuliwa na maksai mmoja, ambaye mwishowe alishindwa kushuka akachinjwa juu. Ni simulizi tamu, si historia iliyothibitishwa.

Na bungeni alifuata nini? Fedha za shule. Shule nyingine ilikuwa inafunguliwa Craftsbury, mji wa wilaya hiyo hiyo, na ruzuku ya wilaya ilitakiwa igawanywe. Alipinga mgawanyo huo kwa sababu alijua hesabu ya shule yake, karo na chakula cha bweni. Akashindwa.

Mwaka 1847 aliondoka, akafundisha Quebec, Kanada, kisha 1852 akarudi Brownington. Alifariki 1857, miaka miwili baadaye shule ikafungwa. Jumba bado limesimama. Leo ni makumbusho.