Bibi hawangi, na wala hajarudi utotoni

“Uzee tu huo.” Ndivyo tulivyojipoza nyumbani bibi alipoanza kutia chumvi mara mbili kwenye mchuzi. Kusahau ulikoweka miwani ni uzee. Kuishika mkononi usijue ni ya kazi gani, hayo ni maradhi. Yanaitwa dimenshia, ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwapima wazee wa miaka 70 na zaidi, wakaikuta kwa asilimia 6.4 hivi. Kwa hiyo wengi walikuwa wamekula chumvi nyingi na akili zao ziko timamu.

“Ni mchawi.” Hii ndiyo kauli inayoua. Kilifi, pwani ya Kenya, wazee wamekatwa mapanga kwa tuhuma za namna hiyo. Mzee anayekutwa usiku uani kwa jirani, nguo hana, huenda hakuja kuwanga. Alitoka kwenda chooni, akapotea.

“Ni ya ukoo, haizuiliki.” Ukoo una sehemu yake, lakini tume ya jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2024 ilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari, ikakadiria kuwa yakishughulikiwa yote, karibu asilimia 45 ya visa vingezuilika au kucheleweshwa. Presha, sukari, sigara na pombe nyingi mnazijua. Kuumia kichwa pia kumo, kwa hiyo vaa helmeti hata kama bodaboda inakufikisha hapo sokoni tu. Linalodharauliwa zaidi ni masikio. Asiyesikia huchoka kuuliza “eti nini?”, mwisho anaacha kukaa barazani, na upweke nao umo katika hayo 14. Nawe unayemuuguza, ukiwa na miaka arobaini na kitu, presha yako ya sasa ndiyo inayohesabika. Usiruke kidonge kwa kuwa leo umeamka vizuri.

“Kachanganyikiwa tangu juzi, basi ndiyo hiyo.” Dimenshia huja taratibu. Ya ghafla mara nyingi ni malaria, maambukizi ya mkojo, sukari kushuka, dawa au kiharusi. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

“Akikosea msahihishe, atakumbuka.” Bibi alikuwa akimuulizia babu kila jioni, nasi tukimwambia kafariki. Kila jioni alilia kama kapata habari sasa hivi. Siku hizi namuuliza, “Babu alikuwa anapenda kahawa ya namna gani?” Anacheka. “Chungu,” anasema, “na tende mbili, si tatu.”